Kichwa Kilichorudi Kalenga

Hotuba iliyotolewa mbele ya Washarika na wageni wa Dayosisi katika juma la Jubilei ya miaka mia moja ya Usharika



Kitabu cha historia ya usharika kwa kawaida huanza siku ile mmisionari alipofika, akapiga hema lake karibu na mto na kuwakusanya watoto wachache awafundishe herufi. Mambo yaliyotangulia siku hiyo hupewa ukurasa mmoja, tena mara nyingi kwa neno moja tu: giza. Watu waliompokea mmisionari huyo walikuwa na jana yao. Wengi wao walikuwa wamefiwa. Katika nchi hii ya Iringa walikuwa wamefiwa na mtu mmoja ambaye msiba wake haukuwa umekwisha, kwa sababu alizikwa bila kichwa.

Mtu huyo ni Mtwa Mkwawa, mwana wa Munyigumba, ambaye jina lake refu ni Mkwavinyika. Wapo washarika waliouliza, kwa nia njema, inakuwaje jina la mtu ambaye hakubatizwa, aliyepigana na Wajerumani waliotuletea Injili, na tena aliyejiua kwa mkono wake mwenyewe, litajwe katika kitabu cha Kanisa. Swali hilo linastahili jibu lililonyooka, kwa hiyo hotuba hii itawaita mashahidi mmoja baada ya mwingine, jamaa zake, waliokuwa upande wake, na wale waliopigana naye, ili kila mmoja aseme alichokiona.

Kwanza habari zenyewe kwa ufupi, kwa ajili ya vijana. Mkwawa alizaliwa Luhota yapata mwaka 1855. Baba yake Munyigumba ndiye aliyeziunganisha koo nyingi ndogo za nyanda hizi zikawa taifa moja lililoogopwa. Baba alipofariki, karibu na mwaka 1879, urithi uligombaniwa vikali na Mwambambe, aliyekuwa ameoa katika nyumba ya Munyigumba. Mkwawa alishinda, na mahali pa vita ile pakaitwa Ilundamatwe, yaani mahali vichwa viliporundikwa. Jina hilo msikilizaji alishike akilini, kwa maana habari hii yote ni habari ya vichwa. Baadaye alijenga ngome kubwa ya mawe huko Kalenga, na kutokana na neno la Kihehe la ngome, lilinga, ndipo mji wetu ulipopata jina la Iringa.

Mwezi Agosti 1891 kamanda wa jeshi la Kijerumani, Emil von Zelewski, aliyepewa na wenyeji jina la Nyundo, aliingia Uhehe akichoma vijiji njiani. Tarehe 17 Agosti, huko Lugalo, safu yake ndefu ilikuwa ikipita katikati ya vichaka na miamba, bunduki nyingi zikiwa hazijashindiliwa risasi, Wahehe walipoinuka kutoka majanini kwa mikuki. Vita yenyewe ilichukua muda mfupi, pengine robo saa. Zelewski mwenyewe alianguka pamoja na Wazungu wengine tisa na askari weusi wapatao 250, bila kuhesabu wapagazi. Wahehe walitwaa bunduki zipatazo 300 pamoja na mizinga. Nao walizika watu wao wengi, baadhi yao siku ileile na wengine baadaye kwa majeraha.

Wajerumani walijenga mnara Lugalo kwa ajili ya wenzao, na mnara huo upo hata sasa kwa yeyote apitaye barabara ya Morogoro. Ni jambo jema kumkumbuka aliyeanguka, awe wa upande gani. Lakini mpita njia akisimama pale ajiulize pia habari za wale askari Wasudani, Wazulu na Waswahili wa pwani waliokufa siku ile wakiwa wamevaa sare ya mtu mwingine, na habari za wapagazi waliokuwa wamebeba mizigo isiyokuwa yao. Mama zao hawakupelekewa barua.

Hapa ndipo penye jambo ambalo Kanisa halina budi kulisema wazi. Mwaka huohuo wa 1891 ndio mwaka ambao wamisionari wa Kimoraviani na wale wa Chama cha Misioni cha Berlin walifika Unyakyusa, kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Hawakupitia njia ya jeshi, bali walikuja kwa maji, kwa mto Zambezi na Shire na kisha ziwani, wala hawakuwa na mizinga. Hata hivyo lugha yao ilikuwa ileile ya jeshi, na bendera iliyowalinda ilikuwa ileile. Mzee aliyeona kijiji chake kikiungua hakuwa na sababu ya kutofautisha kati ya Mjerumani mwenye bunduki na Mjerumani mwenye kitabu mpaka alipoishi naye. Wazee wetu wa kwanza katika imani walifanya kazi ngumu ya kutofautisha, nao hawajasifiwa vya kutosha kwa kazi hiyo.

Tarehe 30 Oktoba 1894, baada ya kupigwa kwa mizinga, ngome ya Kalenga ilianguka mikononi mwa Gavana von Schele. Husimuliwa kwamba kilima ambacho mizinga ile ilipigwa kutoka kwake ndicho kilichoitwa Tosamaganga, yaani kutupa mawe. Juu ya kilima hichohicho Wabenediktini walijenga misioni yao miaka michache tu baadaye. Mkwawa hakupatikana. Kwa muda wa miaka karibu minne tangu siku hiyo aliwindwa katika misitu na mapango, bila ngome, bila jeshi kamili.

Shahidi wa kwanza, basi, ni watu wake wa kawaida katika miaka hiyo minne. Hawa hawakuacha maandishi, bali matendo yao yameandikwa na adui zao. Kapteni Tom von Prince, ambaye Wahehe walimwita Sakarani, alijenga boma jipya mwaka 1896 pale ulipo mji wa Iringa leo, akatuma doria kila upande. Doria hizo zilikuta moto ambao bado una joto, chakula kilichoachwa porini kwa ajili ya mtu asiyetajwa jina, na wanavijiji ambao hawajui lolote. Mwishowe thamani ya kichwa chake ilitangazwa kuwa rupia 5,000. Katika nchi ambayo mapigano na nzige na njaa vilikuwa vimekula kila kitu, fedha hiyo ilikuwa mali ambayo mtu hawezi hata kuiota. Haikumleta mtu wa kumsaliti kwa hiari. Dkt. Alison Redmayne, msomi wa Kiingereza aliyeishi Uhehe katika miaka ya 1960 na kuketi na wazee akiwasikiliza, alilishangaa jambo hili, na kila asomaye habari hizi hulishangaa.

Tena yasisahauliwe yaliyompata ndugu yake Mpangile. Desemba 1896 Wajerumani walimtawaza Mpangile kuwa mtawala badala ya Mkwawa, wakitumaini watu watamfuata. Watu walimheshimu kama mtoto wa Munyigumba lakini hawakuacha kumficha kaka yake. Februari 1897, kabla hajatimiza hata miezi mitatu, Mpangile alinyongwa kwa madai kwamba anashirikiana na Mkwawa kwa siri. Kama alishirikiana naye kweli au la, hilo alikwenda nalo kaburini. Kalenga na Iringa wanamkumbuka Mkwawa kwa sanamu, shule na barabara, na Mpangile aliyekufa kwa ajili yake hutajwa na wachache.

Shahidi wa pili ni vijana waliokuwa pamoja naye mwishoni. Julai 1898 Mkwawa alikuwa mgonjwa, amebaki na wahudumu wachache mno, huko Mlambalasi, kiasi cha kilometa 50 magharibi ya mji. Doria iliyoongozwa na Sajini Johann Merkl ilimkamata kijana mmoja aliyekuwa akimhudumia, na kijana huyo akalazimishwa kuonyesha njia. Tarehe 19 Julai Merkl alimkuta Mtwa amelala karibu na moto, na mwenzake pembeni yake. Askari walifyatua risasi, kisha walipokaribia waligundua kwamba yule waliyemwinda miaka minne alikuwa amekwisha kujipiga risasi mwenyewe. Merkl aliamuru kichwa kikatwe, kipelekwe bomani Iringa kama uthibitisho. Mwili ulizikwa palepale Mlambalasi.

Msomaji wa Maandiko hataweza kuisikia habari hii bila kukumbuka sura ya 31 ya Kitabu cha Kwanza cha Samweli. Mfalme Sauli, ameshindwa vitani juu ya mlima Gilboa, anajiua asije akashikwa na kudhihakiwa. Mchukua silaha wake anakufa pamoja naye. Adui wanakuja kesho yake, wanakikata kichwa chake, wanapeleka habari njema kwa nyumba za sanamu zao. Aliyeandika sura ile hakuwa ameisikia Mlambalasi, wala watu wa Mlambalasi hawakuwa wameisikia Gilboa. Lakini wazee wengi wa Uhehe walipofundishwa kusoma na kufika kwenye ukurasa huo hawakuhitaji mwalimu awafafanulie.

Katika habari ya Sauli wapo watu wa Yabesh-Gileadi. Miaka mingi nyuma Sauli alikuwa amewaokoa na Nahashi Mwamoni, aliyetaka kuwang'oa macho ya kuume. Waliposikia yaliyompata walitembea usiku kucha, wakauondoa mwili wake ukutani mwa Beth-shani, wakaizika mifupa chini ya mti na kufunga siku saba. Hawakuuliza kama Sauli alikuwa mtu mwema. Walikumbuka alilowatendea. Na Daudi, ambaye Sauli alimwinda nyikani kama Sakarani alivyomwinda Mkwawa, alirarua mavazi yake na kumtungia maombolezo. Hakuna mahali Maandiko yanapomlaumu Daudi kwa kumlilia mtu aliyejiua.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwetu, na hapa inapasa kusema taratibu. Katika nchi hii Wahehe hutaniwa kwamba ni wepesi wa kujinyonga, kwamba ukimuudhi Mhehe asubuhi jioni utamkuta mtini. Watani hucheka, na Wahehe wenyewe hucheka nao. Lakini kila mchungaji aliyetumika katika nyanda hizi amewahi kuitwa usiku kwenye nyumba ambako hakuna anayecheka. Sharika nyingi kwa miaka mingi zilikataa kumzika kwa ibada mtu wa namna hiyo. Kengele haikupigwa, kwaya haikuimba, na mjane alibaki na misiba miwili badala ya mmoja. Ukali huo ulikuwa na nia ya kulinda uhai, lakini mara nyingi uliishia kuwaadhibu walio hai. Basi Kanisa linapomheshimu Mkwawa lisieleweke kwamba linaheshimu risasi ile ya mwisho. Kijana aliyekata tamaa kwa deni, kwa mtihani au kwa mapenzi hana jeshi la Wajerumani mlangoni, ana mlango wa nyumba ya mchungaji ulio wazi, na ana mama. Kinachoheshimiwa kwa Mkwawa ni miaka minne aliyokataa kukata tamaa, na uaminifu wa wale waliomlisha.

Shahidi wa tatu ni adui. Bibi Magdalene von Prince, mke wa Kapteni, aliishi bomani Iringa miaka ile, akaandika shajara yake, iliyochapishwa Ujerumani mwaka 1903. Alikuwa mwanamke wa zama zake, akiamini kabisa kwamba nchi hii ni ya mumewe kuitawala. Pamoja na hayo, mtu anayesoma kurasa zake anakutana na Mkwawa kila mahali, katika hofu ya usiku, katika minong'ono ya watumishi, katika mashaka kama kila anayeleta kuku kuuza ni mpelelezi. Mtu asiyeonekana alitawala zaidi ya yule aliyeketi bomani. Mumewe naye alikufa askari, tarehe 4 Novemba 1914, katika vita ya Tanga, akipigana na jeshi la Waingereza. Bibi yule alibaki mjane katika nchi aliyoiita yake, na baada ya miaka michache haikuwa yake tena.

Wageni wetu kutoka Mbeya huenda wamekaa wakitabasamu, wakingoja kuona kama shahidi wa nne ataitwa. Ataitwa. Kwa maana Wasangu wa Merere wana kumbukumbu nyingine. Vita vya Munyigumba na mwanawe viliwaondoa Wasangu katika nchi yao, wakakimbilia Usafwa na kujenga boma lao Utengule ya Usongwe, karibu na mahali ulipo mji wa Mbeya leo, wakati ambapo mji wenyewe haukuwapo. Waliporudi Usangu walirudi chini ya ulinzi wa Wajerumani, nguvu za Mkwawa zikiwa zimekwisha kuvunjwa. Kwao Mjerumani hakuwa mvamizi peke yake, alikuwa pia njia ya kurudi nyumbani. Wabena na Wagogo nao wana ya kwao ya kusimulia juu ya ng'ombe walioondoka usiku na wanawake waliochukuliwa. Mjukuu wa Mhehe na mjukuu wa Msangu leo wanaimba katika kwaya moja, wengine wameoana, na ni vema wakaambiwa habari zote mbili. Shujaa wa nyumba moja alikuwa hofu ya nyumba nyingine. Kumkumbuka Mkwawa kama malaika ni kumsahau.

Tuje sasa kwa jamaa zake, ambao ndio wenye msiba.

Wajerumani waliliondoa fuvu, na Wahehe hawakuacha kuliulizia. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, Sir Horace Byatt, aliyekuwa akiiongoza nchi hii kwa niaba ya Waingereza, aliandika Novemba 1918 akiomba fuvu lirudishwe, kwa kuwa Wahehe walikuwa wamewasaidia Waingereza vitani na jambo hilo lingewafurahisha. Hivyo ikawa kwamba katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, mkataba uliogawa falme na kuchora upya mipaka ya Ulaya, Kifungu cha 246 kinaitaka Ujerumani irudishe, ndani ya miezi sita, fuvu la Sultani Mkwawa. Wakuu wa dunia walikusanyika wakatia saini, na katika maandishi yao marefu likawamo jina la mtu aliyefia Mlambalasi. Miezi sita ilipita. Ujerumani ikajibu kwamba haijui fuvu hilo liliko, na jambo likaachwa.

Ukoo haukuliacha. Sapi, mwana wa Mkwawa, alirudishiwa utawala na Waingereza mwaka 1926, na mwanawe Adam Sapi akamfuata mwaka 1940. Gavana Sir Edward Twining alipoonyesha kulijali suala hili, mwaka 1953 alikwenda mwenyewe kwenye makumbusho ya Bremen, yaliyokuwa na mafuvu yapatayo 2,000. Kati ya hayo, 84 yalitoka katika iliyokuwa Afrika Mashariki ya Wajerumani. Hebu msikilizaji atulie kidogo mbele ya hesabu hiyo. Mafuvu 84, na kila moja lilikuwa na mama. Twining alilinganisha vipimo vya mafuvu hayo na vipimo vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa walio hai, akachagua yaliyokaribiana, na kati ya hayo akachukua moja lililokuwa na tundu la risasi.

Tarehe 19 Juni 1954, mbele ya maelfu ya watu pale Kalenga, Gavana alilikabidhi fuvu hilo kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu. Kijana wa miaka 16 wakati wa kifo cha Mkwawa alikuwa na miaka 72 siku hiyo, kwa hiyo katika mkutano ule hawakukosekana waliokumbuka kwa macho yao wenyewe. Wanahistoria wengine wamesema kwamba serikali ya kikoloni ilikuwa na hesabu zake, kwa kuwa Kenya ilikuwa ikiwaka moto wa Mau Mau na Waingereza walitaka moyo wa Wahehe pamoja na vijana wao kwa ajili ya jeshi. Inawezekana kabisa. Mtu anaweza kukupa kitu chako kwa sababu zake mwenyewe, na bado kikawa kitu chako.

Je, ni lenyewe? Swali hilo limeulizwa na wasomi, na wana sababu ya kuuliza. Vipimo vya Bremen vilikuwa vya rula, si vya vinasaba, na watu waliopigwa risasi katika nchi hii miaka ile walikuwa wengi. Chifu Adam Sapi alilipokea kuwa la babu yake. Ukoo umelitunza kuwa lake, katika makumbusho madogo ya Kalenga ambako mgeni yeyote anaweza kwenda kuliona ndani ya kabati la kioo. Endapo fuvu lile si la Mkwawa, basi ni la mmoja wa wale wengine, mtu aliyeanguka kwa risasi na kuchukuliwa ng'ambo bila jina, naye amepewa nyumba, ukoo na heshima za kifalme katika nchi ambayo huenda ilikuwa jirani ya kwao. Hakuna aliyedhulumiwa kwa hilo.

Chifu Adam Sapi mwenyewe aliishi kuona mambo makubwa. Aliongoza Bunge la nchi hii akiwa Spika tangu mwaka 1962 hadi 1973, na tena tangu 1975 hadi 1994, akafariki mwaka 1999. Mjukuu wa mtu aliyekatwa kichwa na dola alikaa kwenye kiti cha kuwatuliza wabunge. Wengi mliopo mnaikumbuka sauti yake redioni.

Shahidi wa mwisho ni askari. Baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964, kambi ya Colito huko Dar es Salaam ilipewa jina jipya: Lugalo. Tangu hapo maelfu ya vijana wa kila kabila wamepita katika kambi yenye jina la kijiji cha Uhehe, wengine wao kutoka katika viti hivi. Baadhi walikwenda Kagera mwaka 1978 na hawakurudi. Wengi wa waliokufa katika vita ile wamelala Kaboya, katika mkoa wa Kagera, mwendo wa siku nzima na zaidi kutoka hapa. Wengine walikwenda kulinda amani Kongo, na Desemba 2017 nchi ilipokea habari za kuuawa kwa wanajeshi wetu wasiopungua 14 huko Semuliki. Mzazi ambaye kaburi la mwanawe liko mbali na shamba lake haelezwi kwa nini Wahehe waliliulizia fuvu moja kwa miaka 56. Anajua.

Kwa sababu hiyo wapiganaji wastaafu wa Usharika huu walitengewa nafasi ya mbele katika ibada ya Jubilei, si kwa ajili ya kutukuza vita. Wao ndio wa kwanza kusema vita haina utukufu. Wenzao walioanguka hutajwa kwa majina katika sala, na wazee wa Kanisa hawana budi kuendelea na desturi hiyo kila ifikapo Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, ambayo huja siku sita tu baada ya siku aliyokufa Mkwawa.

Kuhusu Wajerumani, ndugu zetu katika imani, lisemwe jambo moja. Waingereza walipoingia wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wamisionari wa Berlin waliondolewa na kufungwa, na makanisa ya Kusini yakabaki mikononi mwa waalimu Waafrika. Waalimu hao hawakusema kwamba Mungu amekwenda na Mjerumani. Walipiga kengele, wakafundisha, wakazika na kubatiza watu waliojua vizuri sana ni nani aliyekata kichwa cha Mtwa wao. Na tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea mbele ya wajukuu wa mashujaa wa Majimaji akaomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyoyatenda hapa. Ombi hilo lilichelewa zaidi ya miaka mia moja. Liliposemwa, watu wa Songea walimsikiliza hadi mwisho.

Inabaki habari moja ya Sauli. Miaka mingi baadaye, Kitabu cha Pili cha Samweli sura ya 21, Daudi alikwenda kuitwaa mifupa yake kutoka kwa watu wa Yabesh-Gileadi, akaizika katika nchi ya Benyamini, katika kaburi la Kishi baba yake. Maandiko hayasemi kama kichwa, ambacho Wafilisti walikuwa wamekiweka katika nyumba ya Dagoni, kilipatikana. Hapa kwetu imekuwa kinyume chake. Kichwa ndicho kilichopatikana, nacho kiko Kalenga, kilometa zipatazo 15 kutoka mjini, karibu na mto. Mwili uko Mlambalasi, chini ya miamba, kwenye barabara ya kwenda Ruaha. Kutoka kimoja hadi kingine ni mwendo wa siku moja kwa mtu anayetembea kwa miguu, na vijana wa Usharika wameombwa, kabla juma hili la Jubilei halijaisha, waitembee njia hiyo pamoja na wageni wao wa Mbeya, wakiwa na Msangu mmoja angalau mbele ya safu.